Njia za miguu Usambara zitafutiwe wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mzaliwa wa wilaya ya Lushoto, katika kijiji kilicho juu ya Soni, na huu ni mwaka wa 11 naishi Aurora, jimbo la Colorado, Marekani. Kazi yangu ni udereva wa basi la shule. Shule zikifungwa mwisho wa Mei, sisi madereva nasi tunakaa hadi Agosti bila mshahara, na miaka yote nimekuwa nikiijaza miezi hiyo kwa vibarua. Mwaka huu nilikataa. Nilinunua vani kuukuu kwa dola 6,800, nikang'oa viti vya nyuma, nikapiga mbao na kutandika godoro, na mimi na mwanangu wa miaka 16 tukaishi humo wiki tisa. Tuliendesha baiskeli za milimani, tukatembea na mabegi mgongoni, tukalala porini.

Picha nilizotuma kwenye kundi la ukoo zilileta maneno. Shangazi aliuliza mtu mwenye kitanda chake analalaje garini kama utingo. Binamu yangu akaandika kwamba hayo ni mambo ya wenye fedha, na kwamba sisi tuliokua tukipanda milima na mzigo kichwani hatuna cha kujifunza kwa mtu anayepanda mlima kwa hiari yake. Sikumjibu kule. Namjibu hapa, kwa sababu nilichokiona kinawahusu watu wote wa Usambara, na hasa wanaopita kila siku kwenye njia ya miguu inayotoka kwetu kushuka Soni.

Nianze na hiyo fedha. Katika sehemu kubwa ya misitu ya taifa ya huku mtu anaruhusiwa kulala bure, kwa kawaida hadi siku 14 mahali pamoja, mradi asiharibu na aondoke na taka zake. Katika wiki tisa tulilipia kambi usiku sita tu. Tulisonga ugali kwenye jiko la gesi la mafiga mawili, tukaoga mtoni, na maji ya kunywa tukayachuja wenyewe. Kilichotula ni mafuta ya gari. Hiyo vani yenyewe umbo lake ni la vile vipanya vilivyokuwa vikibeba abiria Dar es Salaam, na ukiwa umelala unasikia kila tone la mvua juu ya bati.

Na milima haikunitisha. Udereva nimejifunzia kwenye kona za Mombo kupanda Soni. Tulipokuwa tukishuka Monarch Pass, mahali barabara inapovukia milima, mita 3,448 juu ya usawa wa bahari, niliwaona wenzangu taa nyekundu zao za nyuma zinawaka mwanzo hadi mwisho, na harufu ya breki zilizoungua inaingia dirishani. Mimi nilitia gia nzito tangu juu, nikashuka polepole kama alivyonifundisha marehemu mjomba aliyekuwa dereva wa lori la mboga. Mwanangu, ambaye Lushoto ameifika mara mbili tu maishani mwake, aliniuliza nimeyajulia wapi hayo.

Lakini barua hii ni ya njia za miguu.

Kuna njia moja huku iitwayo Colorado Trail. Inaanzia karibu na jiji la Denver na kuishia mji wa Durango, kilomita kama 780, karibu yote milimani. Sehemu kubwa upana wake ni wa mtu mmoja, kama njia zetu za kwenda kisimani. Nilipoikanyaga mara ya kwanza nilidhani ni kazi ya serikali na mitambo yake. Sivyo. Iliunganishwa mwanzo hadi mwisho mwaka 1987, na waliofanya kazi nyingi ni watu wa kujitolea, wenye majembe na mashoka. Aliyewakusanya kiangazi baada ya kiangazi ni mama mmoja, Gudy Gaskill, aliyefariki mwaka 2016, na watu wa huku humwita mama wa njia hiyo. Mpaka leo imekatwa vipande, na kila kipande kina mwenyewe: mtu mmoja, au familia, au kikundi, aliyekubali kukipitia kila mwaka, kukata miti iliyoanguka, kuzibua mifereji na kutoa taarifa ya palipobomoka. Neno hilo, mwenyewe, ndilo lililonikaa rohoni kiangazi chote.

Mwisho wa Juni tulijiandikisha kufanya kazi hiyo siku mbili, karibu na Kenosha Pass. Tulikuwa watu 11, pamoja na dada mmoja kutoka Uvira, Kongo, tunayefanya naye kazi kwenye mabasi. Tulipewa kofia ngumu na shoka lenye ubapa wa jembe upande wa pili. Kiongozi wetu alikuwa mzee aliyestaafu, mwembamba, mwenye magoti yaliyofungwa bendeji. Hakutuonyesha kuchimba kwanza. Alifungua chupa yake ya maji, akamimina kidogo katikati ya njia, akachuchumaa, akatuambia tutazame. Maji yakafuata njia, yakapata kasi, yakabeba vumbi na vijiti. Akasema hapo ndipo njia inapofia: haiuawi na miguu ya watu, inauawa na maji yaliyokosa pa kutokea.

Dada wa Uvira akacheka, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mayi iko na akili. Inatafuta tu fasi ya kukimbilia."

Basi kazi ikawa ni kuyapa maji pa kukimbilia. Njia inayopita ubavuni mwa mlima huinamishwa kidogo upande wa bondeni, ili maji yaivuke badala ya kuifuata. Kila baada ya hatua kadhaa unachimba bonde dogo la mshazari, na ule udongo unaoutoa unaujenga kigongo chini yake na kuushindilia, ili maji yaliyoanza kukusanyika yatoke nje kabla hayajapata nguvu. Palipo na mteremko mkali unalaza gogo au mawe kwa mshazari. Mzee alitufundisha pia kipimo kimoja: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima wenyewe. Ukizidi, maji hayaivuki tena njia, yanaikamata na kushuka nayo. Kwa hiyo njia nzuri inazunguka, na mtu anayekata moja kwa moja kushuka ameyachimbia maji mfereji.

Mhariri, nilisimama na lile shoka mkononi nikamwona baba yangu. Baba alikuwa akichimba matuta ya fanya juu kwenye shamba la maharage: unachimba mtaro kufuata usawa wa kilima, udongo unaurushia upande wa juu, tuta linashika maji yasishuke na rutuba. Nyuma yake tulipita sisi watoto kupanda majani ya kushikilia tuta. Nilimweleza yule mzee. Aliomba nimchoree chini kwa kijiti, akatazama kwa muda, akasema ninyi mmekuwa mkiifanya kazi hii kabla yetu. Binamu yangu alisema hatuna cha kujifunza, na upande huo wa maarifa namkubalia. Maarifa tunayo. Tulichokosa ni kuyapeleka njiani.

Somo la pili alilipata mwanangu, na alilipata kwa hasira. Tulikuwa karibu na mji wa Salida, kwenye bonde la mto Arkansas, ambako vilima vyote juu ya mji vimechorwa njia za baiskeli. Usiku ilinyesha. Asubuhi tulifika mwanzo wa njia, baiskeli tumeshazishusha kwenye keria, shokapu tumezijaza upepo, mnyororo umepakwa mafuta. Pale penye kibao pameandikwa kwamba njia ikiwa tope usiendeshe: ukiona tairi inaacha alama, geuka. Mwanangu aliingia mita kama 20, akaangalia nyuma. Alama ya tairi ilikuwa imekaa kwenye udongo kama mkato wa kisu kwenye boga. Aliketi juu ya jiwe bila kusema neno. Tulikuwa tumeendesha saa mbili kufika pale. Halafu akaibeba baiskeli begani, akarudi nayo akitembea juu ya majani ya pembeni. Hapakuwa na askari wala faini, na hakuna aliyetuona. Kesho yake saa nne asubuhi udongo ulikuwa umekauka, akaendesha hadi jioni akilia kwa furaha kwenye kila kona.

Kiangazi chetu hakikuwa laini chote. Moab, katika jimbo la Utah, joto lilitufukuza siku ya pili. Kwenye ukingo wa Monarch Crest tulichelewa kuondoka, na hilo ni kosa langu mimi, kwa maana Julai na Agosti milima hii hupigwa radi karibu kila alasiri na kila mtu anaambiwa awe ameshashuka mapema. Saa saba mchana tulikuwa bado juu, pasipo hata mti mmoja, nywele za mikononi zikasimama. Tulizitupa baiskeli, tukachuchumaa mbalimbali kama tulivyosoma, mimi huku na mwanangu kule, mvua ya mawe ikitupiga mgongoni, na dakika hizo 20 nilimwita Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Tangu siku hiyo tuliondoka kambini kabla ya jua kutoka.

Safari kubwa tuliiacha mwisho. Wiki ya pili ya Agosti mimi, mwanangu na dada wa Uvira tulitembea kutoka Molas Pass hadi Durango, kilomita kama 119, siku sita. Mfuko wa kulalia, hema, jiko dogo, unga, dagaa wakavu, karanga. Kuna sehemu ya ukingo wa mlima, Indian Trail Ridge, ambapo unapita zaidi ya kilomita 30 bila maji ya uhakika, kwa hiyo kila mmoja alibeba lita sita. Dada yule, aliyebeba ndoo za maji kambini miaka yake ya ukimbizi, aliniambia kwamba ni mara ya kwanza maishani amebeba maji na hakuna anayemsubiri nayo. Alisema hivyo kisha akanyamaza mpaka tulipofika kilele, nami sikumsemesha.

Siku zote sita nilikuwa nikiangalia chini. Niliona kona zilizojengewa kuta za mawe bila saruji, mawe yamepangwa yakashikana. Niliona mabonde ya kutolea maji, mengine yana miaka na majani yameota, na bado yanafanya kazi. Waendesha baiskeli walipokutana nasi walisimama pembeni, wakasalimu, wakatupisha, kwa sababu kanuni ya huku ni kwamba baiskeli humpisha mtembea kwa miguu, na wote wawili humpisha farasi. Nilipopishwa mara ya kwanza, mimi mwanamke mwenye mzigo mgongoni, nilimkumbuka mama yangu.

Mama ana miaka 71. Njia anayopita kwenda mnadani Soni aliipita bibi yake. Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani nikaikuta imekuwa korongo. Pale penye mteremko wa mikaratusi nilisimama ndani yake, kingo zikanifika kiunoni. Ninavyoambiwa na majirani, ilianza mvua za vuli za mwaka 2019, bodaboda walipoanza kuitumia kukwepa barabara iliyokatika. Tairi zikachimba mfereji kwenye tope, maji yakaupata mfereji, na mvua za masika zilizofuata zikamalizia. Siwalaumu vijana wa bodaboda, kwani wanatafuta riziki na hakuna aliyewaambia pa kupita na pa kutopita. Watoto wa shule sasa wanapitia shambani kwa jirani, na jirani ameweka miiba, kwa haki yake, maana walimkanyagia mahindi. Mama hashuki tena kwa miguu. Anapanda bodaboda kwa shilingi 3,000 kwenda na nyingine kurudi, na kikapu cha maharage alichobeba wakati mwingine hakifiki mara mbili ya nauli hiyo. Nilikwenda kuuliza ofisi inayohusika. Nikajibiwa kwamba barabara wanazihudumia, lakini ile ni njia ya panya, haipo kwenye ramani yoyote.

Njia ya panya! Bibi wa mama yangu alipita pale na watoto mgongoni.

Najua atakayesema: huu ni wito wa msaragambo, ile kazi ya kijiji ya kuitwa wote. Na najua kwa nini neno hilo linawakwaza wazee wa kwetu. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta kwa amri na faini, na watu wakaipinga mpaka ikaacha. Bibi alitusimulia jinsi wanawake walivyochimba huku mashamba yao wenyewe yakingoja, na chuki aliyokuwa nayo kwa tuta haikumtoka hadi anakufa, ingawa alijua vizuri kwamba tuta linashika udongo. Kwa hiyo siombi mtu yeyote aswagwe. Wale watu 11 wa Kenosha Pass hakuna aliyeswagwa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: yupo aliyetawanya majivu ya mumewe kwenye njia ile, yupo aliyekuja kwa sababu ya baiskeli yake, na sisi tulikuja kwa sababu mwanangu alitaka kujua njia zinatoka wapi.

Ninachoomba ni kwamba njia zetu zipate jina na mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imekipa kijiji madaraka ya kusimamia ardhi yake, na vijiji vinapopanga matumizi ya ardhi vinaainisha mashamba, malisho, misitu, makaburi. Mkutano mkuu wa kijiji uziingize na njia za miguu humo, moja moja, inaanzia wapi na inaishia wapi, ili asitokee mtu wa kuifunga wala ofisi ya kuiita ya panya. Kisha kila kipande kipewe watu wanaokipita: kaya za pale, darasa la shule, kwaya, madrasa, kijiwe cha bodaboda. Vijana wa kijiwe ningependa wawe wa kwanza, na wao wenyewe wapange ni njia zipi hawaziingii mvua inaponyesha. Kijana aliyechimba mabonde ya kutolea maji kwa mikono yake hataki kuyaona yamesawazishwa na tairi. Nimeliona hilo kwa mwanangu.

Na wageni wachangie. Kila mwaka wanakuja watu kutoka nje kutembea siku tatu au nne kutoka Lushoto kwenda Mtae kupitia Magamba na Rangwi, na wengine wanaleta baiskeli. Wanapita njia zilezile za mama zetu, wanapiga picha Irente, wanarudi kwao wakisifu. Wanalipia kiongozi na mahali pa kulala, na hiyo ni halali. Lakini aliyelima kando ya njia, ambaye udongo wake ndio unaokanyagwa, hapati hata asante. Sehemu ya malipo yale ingewekwa kwenye mfuko wa njia, ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji hadharani, ingenunua sululu na makoleo na kumlipa posho mtu wa kuzipitia kila baada ya masika. Gharama yake ni ndogo, na mawe tunayo ya kumwaga.

Nimeshakata tiketi. Nitakuwa nyumbani Desemba, wiki tatu, pamoja na mwanangu. Nimezungumza na mwenyekiti wa kitongoji kwa simu na ameniambia atatoa tangazo, kila mtu kwa hiari yake. Tutaanzia pale kwenye mikaratusi, juu kabisa, ambapo maji yanaingia njiani kwa mara ya kwanza, siku ya Jumamosi saa moja asubuhi. Sululu mbili za baba bado zipo darini. Mama amesema atapika kande, na binamu yangu, aliyeandika yale kwenye kundi, ameniuliza aje na jembe la aina gani.

Msomaji wako,
Mzaliwa wa Lushoto
Aurora, Colorado, Marekani